Kujibu kwa Kengele

Sauti ya Sagal Abdullahi ilikatika siku ya Jumanne, saa tano na dakika kumi asubuhi, mbele ya walimu thelathini na wanane waliokusanyika kufundishwa namna ya kutunza sauti. Haikufifia kwa adabu. Ilikatika katikati ya sentensi, kama kamba ya kisima. Alikuwa amefika penye "Mwalimu asipige kelele juu ya..." na wale walimu hawajajua mpaka leo ni juu ya nini.

Mmoja wa nyuma alipiga makofi. Alidhani ni sehemu ya somo.

Sagal alikuwa mtaalamu wa usemi katika shule tisa za Garissa. Wenye kigugumizi, waliochelewa kuongea, waliomeza nusu ya kila neno, wote walikuwa wake, peke yake, na mji ulimwita Mwalimu wa Ulimi. Muhula ule zilikuja fomu mpya kutoka Nairobi. Zilimtaka kila mtoto aseme paka, pipa na papai. Watoto ambao lugha ya mama zao haina p walisema baka, biba na babai kwa moyo mkunjufu, na fomu ikawatangaza kuwa na kasoro ya matamshi, watoto mia nne kasoro saba. Sagal aliandika barua kueleza kwamba kama hiyo ni kasoro, basi hata mwenyekiti wa bodi anayo, tena sugu. Akajibiwa awapime upya, mmoja mmoja. Akawapima wiki tano, chini ya mabati yanayochemka, akishindana na jenereta, na chai ya rangi ndiyo maji yake. Huyo ndiye aliyesimama kuwahimiza wenzake wanywe maji.

Daktari alimpitishia kamera kooni, akaangalia, akaichomoa.

"Kuna mshipa umepasuka kwenye uzi wa sauti," alisema. "Dawa yake ni kimya. Siku kumi na nne. Si kimya cha msikitini, mama, maana huko watu hunong'ona. Kimya cha kaburini. Usiseme, usicheke, na usinong'one hata kidogo, kunong'ona kunakwaruza zaidi."

Sagal aliandika kwenye daftari: *Nikiteleza neno moja?*

"Kovu linaweza kukaa. Kovu likikaa, sina dawa yake." Kisha akauliza, akitafuta kalamu, "Unafanya kazi gani?"

Aliandika. Daktari akasoma, na hakucheka. Hilo ndilo lililomuuma Sagal kuliko kamera.

*

Mumewe, Najib, alifanya kazi katika ofisi ya mifugo. Alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja tu, nao ni kuogopa maneno ya watu. Alisoma karatasi ya daktari mara mbili, akafunga mlango wa sebule, ingawa hapakuwa na mtu wa kusikia.

"Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi," alisema. "Ofisi wakisikia Mwalimu wa Ulimi hana ulimi, wataandika jina la nani? La mwingine. Siku kumi na nne si nyingi. Tusimwambie mtu."

Sagal aliandika: *Na Eddo?*

"Hasa Eddo! Ukimwambia Eddo leo, kesho wanajua Liboi mpaka walinzi wa mpakani."

Eddo Batula alikuwa shangazi yake Najib, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa na umri wa miaka sabini na kitu, macho yote mawili yameingia ukungu wa mtoto wa jicho, na ulimi usio na ukungu hata chembe. Najib alimpigia simu jioni ile ile, akamwambia kwamba Sagal amekwenda Hadado kikazi, wiki mbili. Alisema uongo huo akiwa amesimama wima, kama anayeimba wimbo wa taifa.

Mtu pekee aliyeifurahia hali ile alikuwa binti yao, Kaaha, wa kidato cha pili. Alikuwa amerudishwa nyumbani wiki mbili kwa kosa la kumfungia mbuzi katika ofisi ya mwalimu wa zamu, mbuzi ambaye, kwa maelezo yake, aliingia mwenyewe kutafuta elimu. Alikuwa amejiandaa kugombezwa asubuhi na jioni. Akakuta mgombezaji hana sauti.

"Mungu ni mkubwa," alisema.

Lakini alikuwa na moyo. Alimkatia mama yake kadi za maboksi kama zile anazowapa watoto wasioongea, akachora maji, chai, ndiyo, hapana, na moja yenye mbuzi aliyepigwa alama ya msalaba. Alitundika tangazo getini: SAUTI IMEZIMWA, TUMA UJUMBE. Najib akalichana kabla halijakauka. Kisha Kaaha akaenda stoo akaleta koor, ile kengele ya mti anayofungwa ngamia shingoni, urithi wa babu yao.

"Ukiwa jikoni na mimi niko chumbani, kadi siioni," alisema. "Wewe si unawaambia wazazi kila siku, mtoto asiye na sauti apewe kifaa? Haya. Piga tu, nitakuja."

Sagal aliitikisa. Kok, kok, kok. Najib akatoka bafuni mbio na povu masikioni, akidhani mifugo imeingia uani. Kuanzia siku ile mwanamke mwenye shahada mbili alimwita mumewe mezani kwa kengele ya ngamia, na mumewe akaja, na wote watatu wakazoea.

*

Siku ya sita Kaaha alitumwa dukani kununua ndimu. Sagal alikaa sebuleni, kajifunika shuka kichwani juu ya karai la maji ya moto, akivuta mvuke. Ndipo aliposikia mlangoni:

"Assalaam aleikum."

Alimjua. Alitupa shuka, akajikwaa kwenye karai, maji yakamwagika mkekani.

"Assalaam aleikum!"

Eddo Batula alisimama kizingitini na bakora yake na kifuko cha tende. Alikuwa amesikia habari za mbuzi na alikuja kumpa pole Kaaha, au kumchapa, angeamua akifika. Sagal alifika mbele yake, akaweka mkono kifuani, akainama, akatikisa kichwa, akaonyesha koo. Aliyafanya yote kwa ufasaha ambao ungepata alama mia kwa mia kwenye fomu yoyote. Eddo Batula aliangalia upande wake na hakuona ila kivuli.

Jicho halikuona, lakini pua iliona. Sagal alijifukiza udi wa aina moja tu tangu siku ya harusi yake, na Eddo ndiye aliyemfundisha kuutengeneza.

"Sagal?" alisema bibi taratibu. "Si uko Hadado?"

Mwanadamu akisalimiwa hujibu, hilo halina mjadala. Kutoa salamu ni hiari, kuijibu ni wajibu. Sagal alilijua hilo, na damu ilimpanda usoni. Angeweza kumshika mkono. Angeweza kumkumbatia. Lakini miaka kumi na miwili ya kazi ilikuwa imemzoeza jambo moja: asiyekuona, mpe sauti; usipokuwa na sauti, tumia kifaa. Akageuka, akachukua kifaa mezani, akarudi nacho mbio.

"Assalaam aleikum," alisema Eddo kwa mara ya tatu, polepole, kama anayefunga barua.

Kok, kok, kok, ilijibu kengele.

Mgeni hupiga salamu tatu, asipojibiwa hurudi alikotoka, na huo si ugomvi, ni sheria. Bibi aliweka kifuko cha tende chini, kizingitini, akageuka. Sagal alitaka kumfuata, lakini hakuwa na mtandio, na alipoupata na kutoka nje, aliona mgongo wa bajaji ukiingia kwenye vumbi la barabara.

*

Kufikia Adhuhuri habari ilikuwa imepita Soko Mugdi. Kufikia Alasiri ilikuwa imenona. Zeinab, jirani wa ukuta wa pili, alimsimamisha Kaaha getini.

"Abaayo, ni kweli mama yako amemfukuza Eddo Batula kama ngamia?"

"Si kweli."

"Nasikia alimpigia koor usoni. Na mimi mwenyewe dirishani namwona kajifunika shuka, moshi unatoka. Mashetani yamempanda? Semeni, kuna sheikh mzuri Bulla Iftin."

"Ni mvuke wa maji tu."

"Ndivyo yanavyoanza," alisema Zeinab kwa huruma kubwa.

Najib alikwenda kwa shangazi yake jioni ile na akarudi uso umemshuka. Alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu.

"Nimemwambia ukweli," alisema. "Nimemwambia kila kitu, daktari, mshipa, kila kitu. Unajua alinijibu nini? 'Wiki jana yuko Hadado. Jumatatu asubuhi ananipigia kengele. Jumatatu jioni ni mgonjwa. Kesho mtaniambia amekufa, nishone sanda?'"

Sagal aliandika: *Mpe karatasi ya daktari.*

"Haoni, Sagal! Nikamsomea. Akasema mgonjwa wa koo hukohoa, hakusikia kikohozi. Akasema hata anayekata roho hujibu salamu, tena ndiye anayejibu vizuri zaidi." Alisugua uso. "Anataka wazee. Jumatano, hapa. Neno moja tu, Sagal. Nong'ona."

Aliandika kwa herufi kubwa mpaka karatasi ikatoboka: KUNONG'ONA NI KUBAYA ZAIDI.

"Basi nifanye nini?"

*Ungesema ukweli siku ya kwanza.*

Najib aliisoma. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, na hakusema neno tena usiku ule. Kwa hiyo nyumba ile ikawa na mabubu wawili.

*

Walikuja Jumatano baada ya Alasiri, siku ya nane. Adeer Barre, mkubwa wa ukoo, na wazee wengine wawili waliokuja kwa ajili ya ushahidi na chai. Eddo Batula aliketishwa kwenye mto wa heshima. Kaaha alitandaza mkeka, akamimina chai ya maziwa yenye iliki, kisha akajificha nyuma ya pazia.

Najib alieleza. Alieleza vizuri, akakiri uongo wa Hadado, sikio likawa jekundu. Adeer Barre alisikiliza huku akizungusha kikombe.

"Sagal," alisema mwisho, "mimi nakuamini. Mtoto wa ndugu yangu wewe ulimfundisha kusema akiwa na miaka sita, nani asiyejua? Lakini daktari gani anayekataza neno la amani?"

Sagal aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

"Haya," alisema mzee, "amejibu kwa ishara. Asiyeweza kwa ulimi hujibu kwa mkono. Yamekwisha."

"Mkono mimi siuoni," alisema Eddo Batula.

"Mimi nimeuona."

"Basi wewe na yeye mmesalimiana. Hongereni. Mimi bado niko mlangoni."

Mzee mmoja alicheka ndani ya kikombe, akatazamwa, akaacha.

"Eddo," Najib alisema, "akisema anaweza kuharibika maisha yake yote. Kazi yake ni sauti."

"Na mimi kazi yangu ilikuwa nini? Nilikubeba mgongoni kutoka Diff, mwaka wa kiangazi, na sikukupigia kengele." Sauti ya bibi ilitetemeka, na hapo kila mtu chumbani akajua kwamba si kiburi. Alikuwa ameumia. Mtu asiyeona huishi ndani ya sauti za watu, na nyumba aliyoipenda ilikuwa imemfungia mlango. "Mlinidanganya kwamba hayupo. Nikamkuta. Nikamwita kwa jina. Nikasikia anapumua, nikasikia anakwenda, anarudi, halafu nikasikia ngamia. Mlitaka nidhani nini? Kwamba mwanamke wa elimu amechoka na bibi kipofu, basi. Kama amechoka, aseme."

Aliinuka, akishika bakora. Sagal alimwendea akamshika kiganja ili akipeleke kooni kwake, ajionee kwa vidole kwamba hapana kinachotikisika pale. Eddo aliuvuta mkono wake kama aliyeguswa na moto.

"Usinichezee. Mimi si mmoja wa watoto wako." Akasimama wima, akaelekea mahali alipodhani mlango upo. "Nitasalimia mara moja, mbele ya mashahidi. Ukinijibu, nitaketi. Usiponijibu, mlango huu sitaujua tena, na nikifa, Najib atazikwa nami peke yake. Assalaam aleikum, Sagal."

Hakuna aliyesahihisha lile kosa la 'atazikwa', ingawa Kaaha, nyuma ya pazia, alilisikia. Sagal alimtazama mumewe. Najib alitazama mkeka.

Alifungua mdomo.

"Wa alei..."

Kilichotoka hakikuwa sauti. Kilikuwa kama karai linaloburutwa juu ya changarawe. Kilikwaruza silabi tatu, kikapasuka, kisha ukabaki upepo mtupu ukitafuta mahali pa kupita. Alijaribu kumalizia. Midomo ilitembea mpaka mwisho wa maneno, bila kitu.

Eddo Batula aligeuza kichwa upande wa mlango.

"Nani huyo?" aliuliza. "Nani amejibu? Kuna mgeni ameingia?"

Adeer Barre aliweka kikombe chini.

"Namuuliza Sagal, anajibu mtu mwingine. Nani huyo?"

"Ni Sagal, Eddo," alisema Najib.

"Sagal namjua sauti."

"Ni yeye."

Bakora ilianguka. Bibi alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, akipapasa hewa, mpaka ikamgusa Sagal usoni, ikashuka mashavuni, yaliyokuwa yameloa, ikafika kooni, ikakaa pale. Sagal alikuwa bado anasukuma pumzi, akijaribu kumaliza jibu.

"Nyamaza," alisema Eddo Batula. Kwa desturi yao, mkubwa humwita mdogo kwa jina lile lile ambalo mdogo humwita yeye, na ndivyo alivyomwita sasa. "Nyamaza, eddo. Nyamaza. Inatosha. Nyamaza."

Aliendelea kusema hivyo muda mrefu baada ya Sagal kunyamaza. Chai ilipoa. Wale mashahidi wawili waliangalia viatu vyao mlangoni kwa hamu.

*

"Anza upya," daktari alisema kwenye simu. "Leo ni siku ya kwanza."

"Na lile kovu?" Najib aliuliza.

"Sijui. Tutaangalia siku ya kumi na nne."

Asubuhi ya pili bajaji ilisimama getini na kushusha godoro, birika la kutawadhia, na Eddo Batula. Hakuomba ruhusa. Alikuwa amemuuliza Adeer Barre sheria, na mzee alikuwa amemthibitishia kile ambacho wote walikijua tangu madrasa na wote wakakisahau siku ilipohitajika: salamu ikitolewa kwa kundi, mmoja akijibu, waliobaki wamesamehewa. Basi kinachotakiwa ni Sagal asiwe peke yake. Bibi akatandika godoro karibu na mlango, akakaa.

Watu walikuja, maana mji ulikuwa na deni la udadisi. Kila aliyetoa salamu alijibiwa kabla hajavua viatu.

"Wa aleikum salaam! Tuko wawili, nimejibu mimi. Mgonjwa haongei. Hapana, si mashetani, Zeinab, na pazia lako la dirishani lishushe."

Kufikia jioni ya siku ile sauti ya Eddo mwenyewe ilikuwa imeanza kukwaruza. Kaaha alimletea glasi ya maji na kumsomea kadi za somo la mama yake, kwa uso wa hakimu, namna ya kutunza koo. Bibi alisikiliza zote.

"Na haya aliwafundisha walimu?"

"Ndiyo, ayeeyo."

"Na yeye mwenyewe nani alimfundisha?"

Kaaha alitafuta kwenye kadi. Hapakuwa na kadi ya hilo.

Siku ya tatu alikuja Bwana Mutua wa ofisi ya mikataba, na fomu kwenye bahasha ya kaki. Alikuwa kijana mpole, mgeni wa mji, aliyeambiwa na mkuu wake aende akaangalie kama maneno ya sokoni ni kweli. Najib alimkaribisha kwa mikono miwili, akakohoa, akaanza:

"Bwana Mutua, mke wangu ana mafua kidogo tu, ni hali ya hewa, wiki ijayo..."

"Uongo," alisema Eddo Batula kutoka kwenye godoro. Alisema kwa Kiswahili, lugha aliyoinunua sokoni kipande kipande na kuitumia kwa shida tu. "Huyu kijana ni wangu, lakini ni uongo. Sagal hana sauti. Sauti alifunja kazini kwenu, kwa ile fomu ya baka. Ikabasuka. Daktari akasema nyamaza, itabona. Alinyamaza siku saba, fizuri kabisa. Siku ya nane mimi nikamlazimisha."

Najib alifunga macho.

"Sasa, mama," Bwana Mutua alisema, akimgeukia Sagal kisha kumgeukia bibi, asijue azungumze na nani, "atapona lini?"

"Mungu anajua. Daktari hajui."

"Niseme ukweli, mimi sina uamuzi. Mimi napeleka tu." Aliweka fomu juu ya goti, akafungua kalamu, akaona aibu ya kuandika mbele ya mwenyewe. "Hapa wanauliza kama yuko kazini. Nitaandika hayuko. Halafu kuna mstari wa sababu. Nikiandika ugonjwa wa sauti, kwa kazi yake hii..." Hakumalizia.

Sagal alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono mapajani. Hakuandika kitu. Kwa siku zile tatu hakuwa ameandika karibu kitu chochote, na hilo ndilo lililomtisha Kaaha kuliko mengine yote.

Eddo Batula alijisogeza kwenye godoro mpaka goti lake likagusa la yule kijana.

"Huo mstari uko wabi?"

"Huu hapa, mama."

"Weka kalamu hapo. Umeweka?"

"Nimeweka."

"Andika Batula."

Bwana Mutua alimtazama Najib, akamtazama Sagal. Hakuna aliyemsaidia.

"Sababu," alisema bibi. "Si wanauliza sababu? Andika Batula Awil, na namba ya simu nitakuba. Wakitaka kumfukuza sababu, waje kwangu. Andika fizuri, mimi sioni, lakini huyu msichana atanisomea."

Mwanzoni kalamu haikutembea. Kisha ikatembea, na chumba chote kikaisikia.